Kengele Haikuwa ya Shaba

14 Januari

Shangazi,

Shikamoo. Hapa kwetu tunaendelea, ukiacha goti la baba ambalo limeanza tena kutabiri mvua na kukosea. Mama anasema kitambaa ulichomtumia kilitosha gauni vizuri, ila fundi alilishona kama vile mama ana miaka ishirini. Amelitundika ukutani. Kila akipita analitazama kwa chuki.

Ningependa kukupigia simu, lakini wewe mwenyewe ulinikataza. Ulisema wateja wako wakishakaa kwenye kiti hawana kazi nyingine ila kusikiliza. Basi naandika, na barua uisome ukiwa umefunga mlango.

Ile kazi nimepata. Nafundisha kompyuta kwa watoto wa miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, ule umri ambao kila kitu kinachekesha isipokuwa somo. Chumba kilikuwa stoo ya madawati mabovu. Mashine tulipewa na ofisi moja iliponunua mpya. Nyingi zinawaka zenyewe, moja inawaka ikipigwa kofi la ubavuni. Siku ya kwanza niliandika ubaoni: "Kompyuta ni kifaa cha kielektroniki kinachopokea, kuchakata na kutoa taarifa." Wakanakili. Nilipogeuka wawili walikuwa wamelala na mmoja alikuwa ananichora, na pembe alishaniwekea.

Kizito zaidi ni mwalimu mkuu. Wanafunzi wanamwita Nukta, kwa sababu akimaliza kutoa amri husema "nukta," na mjadala umekwisha. Anatembea na kalamu nyekundu mfukoni na hawezi kupita kosa akaliacha. Kwa macho yangu nimemwona akisahihisha tangazo la msiba getini, kisha akainamisha kichwa kwa heshima akaenda zake. Aliniita ofisini akaniambia, "Kompyuta haimo kwenye mtihani wa mwisho. Nakupa muhula mmoja. Siku ya wazazi nione kitu chenye maana. Nisipoona, chumba kinarudi kuwa stoo na vipindi vyako nawapa watu wa hesabu. Nukta." Na mimi bado niko kwenye majaribio, kwa hiyo stoo ikirudi, nami narudi kwenye kochi la baba.

Sasa nina wazo. Kuna programu ambayo mtoto haandiki maneno magumu. Anaburuta vipande vya amri na kuvipachika kimoja chini ya kingine: tembea, subiri, sema, rudia. Vikikaa sawa, katuni yake inatembea na kusema. Nataka watoto watengeneze hadithi nzima, wajifunze kompyuta bila kugundua kwamba wanafundishwa. Ninachokosa ni hadithi. Wewe ndiye uliyeniaminisha kwamba soksi zinazopotea zimeolewa mbali. Nitumie moja, fupi, yenye wanyama na fujo.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, ambaye bado hajafukuzwa shule.


2 Februari

Fundi Bisibisi,

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilifika ikiwa na doa la chai, na kwa kuwa unaandika ukinywa, nimelisamehe. Mwambie mama yako gauni alilete kwangu, nina jirani mshonaji anayejua kwamba binadamu huongezeka. Baba yako mwambie goti ni la kufanyia mazoezi, si la kupigia ramli.

Mimi nipo na saluni yangu. Draya moja imeharibika, inapuliza hewa ya moto ikipenda na ya baridi ikinuna. Juzi bibi harusi alikaa chini yake tangu asubuhi, akatoka upande mmoja umekauka na mwingine unadondosha maji. Nilimwambia ni mtindo mpya. Sasa wenzake wawili wameuomba.

Jambo moja kabla sijasahau: usimalize tena barua kwa mzaha wa kufukuzwa shule. Tafuta mzaha mwingine, una akili za kutosha.

Halafu huyo Nukta wako. Hebu niambie, akikosolewa au akiona aibu, huwa anashika ndewe ya sikio la kushoto na kuivuta kama anakamua kitu? Nauliza tu.

Hadithi hii hapa. Hapo zamani wanyama walikuwa na shule, na mkuu wake alikuwa Nyati. Tumbili na Kuku walikaa dawati moja. Mchana mmoja mwalimu Twiga alikuwa anakuja kurudisha karatasi za hesabu, na wote wawili walijua walichoandika. Tumbili akasema, "Kengele ya kwenda nyumbani ikilia sasa, Twiga ataturudishia nini?" Basi Kuku akainama, Tumbili akampanda mgongoni, akaipiga kwa nyundo ile kengele kubwa ya shaba iliyoning'inia mtini. Shule nzima ikamwagika nje. Wa kwanza kutoka getini alikuwa Twiga mwenyewe.

Nyati alipotoka ofisini, Tumbili alimwachia Kuku nyundo, akaruka ua. Kuku akakutwa na nyundo kwenye bawa. Alipoulizwa alikuwa na nani, hakujibu. Akanyonyolewa manyoya mbele ya wote, akafukuzwa. Tumbili akaendelea na masomo, akakua, akavaa miwani.

Ndiyo hiyo. Watoto waichezee wanavyotaka, waweke nyimbo, waweke rangi. Ila kengele iwe ya shaba, nawe waambie waiandike hivyo hivyo kwa maandishi makubwa: KENGELE YA SHABA. Hapo usibadilishe.

Shangazi yako, mwenye mikono inayonuka mafuta ya nazi.


20 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo tena. Mama amekubali kuleta gauni ila anataka uape kwamba hutacheka. Baba ameanza mazoezi ya goti, anatembea mpaka dukani na kurudi, akifika anakaa kama aliyerudi vitani.

Hadithi imelipua darasa. Nimewagawa makundi, kila kundi sehemu yake, na sasa wanapanga foleni mlangoni kabla ya kipindi. Siku ya kwanza ilikuwa vurugu. Tumbili alitembea akatoka nje ya skrini na hakurudi, kwa sababu walimwambia tembea na hawakumwambia simama. Kundi la kengele waliweka amri ya "rudia daima," kengele ikalia mpaka mwalimu wa jirani akawaruhusu watoto wake waende nyumbani. Nilikwenda kuwarudisha kutoka getini mmoja mmoja.

Tumbili na Kuku nao walikuwa wanasema wote kwa wakati mmoja, hakuna anayesikika. Nikawauliza, "Nyumbani kwenu watu wakiongea wote pamoja, nini hutokea?" Mmoja akasema, "Bibi anaondoka." Basi wakagundua wenyewe amri ya subiri: mmoja akisema, mwingine angoje zamu yake. Hawa ndio wale waliolala nilipowaandikia maana ya kompyuta ubaoni. Sasa wanagombana kuhusu mpangilio wa amri kama mawakili.

Kuhusu swali lako: ndiyo, anavuta sikio, na ni la kushoto. Nilimwona wiki iliyopita mkaguzi alipomwonyesha kwamba ratiba aliyoiandika yeye mwenyewe ina Jumatano mbili. Umejuaje?

Kengele ya shaba tumeiweka, maandishi makubwa, ingawa sijui kwa nini inakukaa rohoni hivyo.

Jambo moja limenisumbua. Nina mwanafunzi mmoja, msichana mdogo kwa umbo, ambaye wenzake wanamwita Bi Swali. Yeye ndiye anayesimamia sehemu ya adhabu. Jana aliacha kipanya akaniita. "Mwalimu, hapa programu ina kosa."

Nikatazama. Kila kitu kilikuwa kinakwenda. Nikamwambia, "Mbona inafanya kazi?"

"Inafanya kazi vibaya," akasema. "Aliyepiga ni Tumbili. Amri ya kunyonyolewa tumeipachika kwa Kuku. Tumeipachika kwa mhusika asiye wake."

Nikamwambia hadithi ndivyo ilivyo. Akanitazama kama mtu anayehurumia mashine iliyozimika. "Kwa hiyo aliyeitunga alikosea na hakuna aliyemsahihisha?"

 Wenzake wote wamekuwa upande wake na wanataka kuirekebisha. Nilimsimulia baba hadithi yote mezani nikitegemea atacheka. Aliacha kula, akaniuliza nani ameniambia. Nilipomtajia wewe akasema, "Basi muulize yeye mwenyewe," akaenda kulala jua halijazama vizuri.

Nauliza basi. Kuku alikuwaje baadaye?

Mpwa wako anayekusumbua.


18 Machi

Mwanangu,

Wote hatujambo. Mvua imenyesha.

Nimechelewa kujibu. Nilipopata barua yako nilifunga saluni siku nzima, wateja wakadhani naumwa, wakaniletea machungwa. Siumwi. Machungwa nimekula.

Unauliza Kuku alikuwaje. Aliishi. Manyoya huota. Akajifunza kazi, akaimudu, akapata watu wanaomheshimu na wengine wanaomwogopa, kama inavyotakiwa.

Huyo Bi Swali mwache arekebishe anavyoona. Mwambie nimesema hivyo. Mwambie pia kwamba ni kweli, hakuna aliyesahihisha.

Baba yako mwache alale, ana goti.

Siku ya wazazi ni lini, na mwalimu mkuu hukaa wapi, mbele au nyuma?

Shangazi.


5 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, japo leo naiandika nikiwa nimekununia. Nyumbani wote wazima. Salamu zimekwisha, sasa kaa chini.

Siku ya wazazi ilikuwa Ijumaa. Ukumbi ulijaa, wengine walisimama madirishani. Mwalimu mkuu alikaa mbele, karibu na ofisa wa elimu aliyekuwa mgeni rasmi, miwani puani na kalamu nyekundu tayari mfukoni. Projekta tuliazima, na ile mashine ya kupigwa kofi ndiyo pekee iliyokubali kuungana nayo, kwa hiyo nilianza programu kwa kupiga kofi mbele ya umma.

Watoto walikuwa wameifanyia mambo hadithi yako. Twiga alipokimbia getini wazazi walicheka mpaka mwalimu wa hesabu akatazama viatu vyake. Tumbili aliporuka ua kulikuwa na sauti ya kitu kinachochanika, nao waliirekodi kwa kuchana shuka ya mtu, bado hatujajua ya nani. Ndipo ikafika sehemu ya Bi Swali. Picha ikasimama. Nyati akageukia watu, yakatokea maandishi: "Nani alipiga kengele? Bonyeza anayestahili adhabu."

Bi Swali alikwenda kwa mgeni rasmi akamkabidhi kipanya kwa mikono miwili. Ofisa akabonyeza Kuku, si ndiye mwenye nyundo. Kuku hakunyonyolewa. Aliuliza tu, "Kwa nini mimi?" na hadithi yote ikaanza upya kutoka mwanzo. Ndivyo walivyoipanga, Shangazi: kama jibu si sahihi, basi rudi mwanzo, na itarudi mwanzo mpaka dunia iishe au mtu apatie. Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Ofisa akajaribu Twiga. Ikaanza upya tena. Kila ikianza, yale maandishi yanatokea makubwa: KENGELE YA SHABA.

Mara ya tatu mwalimu mkuu akasimama. Nilikuwa nimekwisha kumwona akijipindapinda kwenye kiti tangu mwanzo, kama mtu mwenye sisimizi ndani ya shati. Akatoa kalamu, akaielekeza kwenye skrini.

"Kuna kosa," akasema. "Kengele haikuwa ya shaba. Ilikuwa rimu ya lori, na ilipigwa kwa kipande cha nondo. Nyundo haikuwepo. Nukta."

Watu wakanyamaza, kama inavyotokea akisema nukta. Bi Swali peke yake ndiye hakunyamaza. Akamwuliza kwa adabu kabisa, mikono nyuma, "Mwalimu, kwani ulikuwepo?"

 Nikaona mkono wa mwalimu mkuu unapanda taratibu kwenda kwenye sikio la kushoto. Ukaishika ile ndewe, ukaivuta. Mama mmoja nyuma akaanza kucheka, akajizuia. Nami ndipo nikaona alichovaa puani. Miwani, Shangazi. "Akakua, akavaa miwani." 

 Mwalimu mkuu alitembea mpaka kwenye mashine, akainama, akamwomba Bi Swali kipanya. Mshale ulizunguka skrini nzima, ukapita juu ya Kuku, ukasita, ukaenda kwa Tumbili. Akabonyeza.

Nyati akasema, "Sasa tunaweza kuendelea." Kuku akasimama, akajipangusa, akatoka darasani kwa mlango wa mbele. Hadithi ikaisha. Watoto wakampigia mwalimu mkuu makofi, wakidhani ameshinda mchezo. Akarudi kwenye kiti chake akakaa, na hakutoa tena ile kalamu siku nzima, hata cheti cha mgeni rasmi kiliposomwa kikiwa na jina lililokosewa.

Baadaye aliniita ofisini. Nilikwenda nimeshapanga vitu vyangu kwenye mfuko. Alikuwa amesimama dirishani, kanipa mgongo.

"Hadithi umeipata wapi?"

"Kwa shangazi yangu."

"Anafanya kazi gani?"

"Msusi. Ana saluni yake."

Akafuta miwani kwa tai. Kisha akauliza, "Ana watu? Anaendelea vizuri?" Nikamwambia wapo wanaomheshimu na wapo wanaomwogopa. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia alichotegemea. "Mwambie," akaanza, kisha akaacha. Akaniruhusu niende.

Jumatatu ratiba mpya ilibandikwa. Vipindi vya kompyuta vipo, na vimeongezwa viwili. Nimepewa barua ya kuthibitishwa kazini.

Sasa zamu yangu ya kuuliza. Jioni ile ya siku ya wazazi nilimbana baba. Safari hii hakwenda kulala. Aliniambia kwamba ilikuwa mwaka wa mwisho, mtihani umekaribia. Ulikutwa na ile nondo mkononi, ukaulizwa ulikuwa na nani, ukafunga mdomo. Babu alikwenda kukuombea mara nyingi akarudi mikono mitupu. Anasema yule mwingine alifaulu, akaendelea mbele, na hukumtaja hata nyumbani, ila yeye baba alijua kwa kuwa aliwaona mkiondoka pamoja darasani.

Mbona hukuniambia? Ulinipa mtego ukauita hadithi, nikaupeleka mbele ya mkubwa wangu kwa mikono yangu, mbele ya ofisa, mbele ya wazazi wote. Kama angekuwa mtu wa hasira ningekuwa kwenye kochi la baba sasa hivi. Umenichekesha maisha yangu yote, Shangazi, lakini hapo sikucheka.

Mwalimu mkuu ameniomba anwani yako. Nimempa. Hapo na mimi sikukuuliza.

Mpwa wako, mwenye kazi.


9 Mei

Mwanangu, Fundi Bisibisi,

Marahaba ya ile shikamoo ya kununa. Mama yako alifika na gauni, nilicheka, alikuwa ameshanikataza, tukagombana, tukala, tukapatana, gauni sasa linamtosha. Amerudi kwenu jana, atakusimulia upande wake, usiuamini.

Nianze na deni la maneno. Umesema nilikupa mtego nikauita hadithi. Hapo una haki. Nilipokuwa naandika sikukuona wewe kabisa, nilimwona yeye tu, na sikio lake. Nilijua hawezi kuvumilia kosa. Tangu utoto alikuwa hivyo, mwalimu akikosea herufi ubaoni yeye hapati usingizi. Nilijua akiiona ile shaba atasimama hata kama nyumba inaungua. Kwamba wewe ulikuwa umekaa katikati na kazi yako changa, hilo sikulifikiria. Nisamehe. Sitalipamba.

Kwa nini sikukuambia? Sikuwa najua nitasemaje bila kusikika kama ninayelia. Kwa mzaha naweza kusema chochote. Bila mzaha, mdomo wangu haujazoea.

Sasa nikueleze alivyokuja, maana kafika.

Jumamosi, saluni imejaa. Mteja mmoja kwenye kiti nimemsuka nusu, wawili chini ya draya, mmoja benchi anasubiri na mtoto. Mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamume mwenye koti na tai, bahasha mkononi. Upara umekula mbele na katikati, zimebaki za kisogoni. Mteja wangu wa benchi akamtazama kichwa akamwuliza, "Baba, wewe unasuka nini?"

Nilimjua kabla hajavua miwani. Yeye alinitazama, akalitaja lile jina langu la shuleni ambalo hakuna aliyebaki kulitumia. Nikamwambia aketi, ana watu mbele yake. Akaketi. Alikaa pale muda wote niliokuwa namaliza upande wa kulia wa yule mteja, goti kwa goti na mwenye mtoto, na mtoto akamvuta tai akaanza kuitafuna. Hakumzuia. Nilimtazama kwa kioo. Juu ya kioo hicho nimeandika, "Msilete watoto wasio na mzazi," na pale ukutani neno la mwisho lina herufi niliyoikosea tangu siku ya kulibandika. Alilisoma. Nikaona mkono unakwenda mfukoni kwenye kalamu, ukasimama, ukarudi mapajani. Hapo moyo wangu ulilegea kidogo, nakwambia ukweli.

Zamu yake ilipofika alifungua ile bahasha. Karatasi tatu, pande zote mbili, maandishi yamepangwa kama jeshi. Akakohoa ili aanze kusoma. Nikamwambia, "Hapa hatusomi, hapa tunaosha," nikampeleka kwenye beseni, nikamlaza shingo, nikamvua miwani, nikafungulia maji. Mtu aliyelazwa kichwa nyuma na povu limemfika kwenye nyusi hawezi kusoma hotuba. Ilibidi aseme kwa mdomo wake, kwa kifupi, akitazama dari.

Alichosema siandiki. Kilikuwa kifupi, na kilikuwa chote. Wateja wangu walizima draya ili wasikie, kwa hiyo ukikihitaji kimeshasambaa mtaa mzima. Mimi nakiweka.

Kisha akaniuliza, "Kwa nini hukunitaja?"

Watu wote wanadhani nilimficha, mwanangu. Baba yako anadhani hivyo, na babu yako alikufa akidhani hivyo. Sikumficha. Nilikuwa nimesimama pale na nondo, mwalimu ananiuliza, na nyuma ya ua naona viatu vyake. Nikasema moyoni, sasa hivi atatoka. Nikangoja. Nikangoja pia siku ya pili, na siku baba alipokwenda kuniombea. Ningemtaja ningemnyang'anya nafasi ya kusema mwenyewe, na nilikuwa na hakika atasema. Ndivyo nilivyomjibu: "Nilidhani unakuja."

 Maji yalimtoka machoni, akasema ni sabuni. Sabuni yangu haiwashi, naitumia hata kwa watoto.

Nilimsuuza, nikamfuta, nikazichana zile chache za kisogoni vizuri kama za mtu mwenye nazo nyingi. Akasimama, akavaa miwani, akaniuliza kama nimemsamehe. Benchi zima likageuka kunitazama. Nikamwambia, "Rudi mwezi ujao."

Akasema, "Mwezi ujao hata hazitakuwa zimeota."

"Utarudi au hurudi?"

"Nitarudi," akasema. Karatasi zake aliziacha kwenye beseni, zimelowa. Nilizianika nikazisoma peke yangu. Ana mwandiko mzuri, na hakuna kosa hata moja.

Huyo Bi Swali nataka kumwona. Likizo mlete hapa, nimsuke bure, aniulize anachotaka. Na wewe njoo naye, tuyaongee haya bila mzaha, nitajitahidi.

Alipokwisha kutoka nilirudi kwa mteja wangu wa kwanza, yule niliyemwacha nusu kichwa. Alikuwa amejipinda shingo nzima. Akaniuliza, "Sasa, umemsamehe au hukumsamehe?" Nikamwambia ageuke mbele, bado kuna mistari ya nyuma. Nikaanza kusuka. Mstari ukaenda upande. Nikaufumua, nikausuka upya.

Shangazi yako.